Nini Kimebaki Gatini? Port Harcourt na Sisi wa Mwanza

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi Kirumba, mbele ya wavuvi, akina mama wa dagaa na mapanki (vichwa na mifupa ya sangara), kuli wa bandarini na wanafunzi wa sekondari. Waliokuwa ziwani au safarini wameomba kuisoma. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Mwangaluka, wazee wangu! Mwangaluka, mama zangu! Vijana, hamjambo?

Nimefundisha jiografia kwa miaka 32. Kila nilipofika kwenye mada ya bandari za Afrika, niliandika ubaoni: "Port Harcourt, Nigeria, mji unaosafirisha mafuta." Wanafunzi wakanakili, tukaendelea na mada nyingine. Siku moja binti mmoja wa Igogo akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mafuta yakishaondoka, pale bandarini kunabaki nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalizungumza kipindi kijacho, na kipindi kijacho sikulizungumza. Yule binti sasa ni mama wa watoto wanne. Leo nimekuja kumjibu.

Na ninamjibu hapa, kwenye ukingo wa ziwa, kwa sababu swali lile sasa linatuhusu. Mafuta ghafi ya Uganda yamepatikana upande wa Hoima, kando ya Ziwa Albert. Bomba lake lina urefu wa kilomita 1,443, linaingia kwetu kupitia Kagera, linashuka Geita, linapita Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara mpaka Chongoleani, Tanga. Mwanza mjini haligusi. Lakini linapita katika bonde la ziwa hili, kwa ndugu zetu, kwenye mashamba ya mihogo ya shangazi zetu. Mnakumbuka nini kingine kilitujia kutoka Ziwa Albert? Sangara! Miaka ya 1950 aliletwa samaki yule kutoka Ziwa Albert akamwagwa katika ziwa letu. Akawala furu, samaki wadogo wa asili wa humu. Akajenga viwanda. Akabadilisha maisha ya kila mtu aliyekaa humu ndani. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Basi safari hii, kitu kingine kinapokuja kutoka Ziwa Albert, tukae tuulize mapema.

Sasa twendeni Port Harcourt.

Kiswahili chetu kina neno moja, mafuta. Mawese ni mafuta, alizeti ni mafuta, petroli ni mafuta. Kwa historia ya pwani ile ya Nigeria, neno letu linafaa sana, kwa sababu pale mafuta yalianza kusafirishwa karne nzima kabla ya petroli. Mito ya delta ya Niger Waingereza waliiita Mito ya Mafuta, na mwaka 1885 walipotangaza ulinzi wao juu ya nchi ile, waliupa jina hilohilo. Mafuta gani? Mawese! Viwanda vya Uingereza viliyataka kwa kutengeneza sabuni na kulainishia mashine.

Na palikuwa na mtu mmoja aliyeijua biashara ile kuliko Waingereza wenyewe. Aliitwa Jaja. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bonny, mji wa biashara kwenye delta ile, akapiga makasia ya mitumbwi ya biashara. Akapanda ngazi mpaka akawa mkuu wa nyumba ya biashara, na mwishowe mfalme wa mji alioujenga yeye mwenyewe, Opobo. Jaja aliweka sharti moja tu. Wazungu wabaki mdomoni mwa mto, na mawese yatoke bara kwa mikono ya watu wake. Zaidi ya hapo, akaanza kuyapeleka mwenyewe Uingereza bila dalali. Jamani, hilo lilikuwa kosa? Kwa wafanyabiashara wa Liverpool lilikuwa kosa kubwa. Mwaka 1887 kaimu konsuli wa Uingereza alimwita mazungumzoni, akamwahidi usalama, kisha akamkamata. Jaja alishitakiwa Accra, akahamishiwa visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 alifia njiani akirudi nyumbani.

Konsuli yule aliitwa Harry Johnston. Kumbukeni jina hilo. Mwaka 1900 mtu huyohuyo alikuwa ng'ambo ya ziwa letu, Mengo, akitia saini ule mkataba wa Buganda uliogawa ardhi ya watu. Kalamu ni ileile! Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia habari za Nigeria ni za mbali.

Niwaambie na jambo moja la akina mama, kwa kuwa nawaona mmejaa safu za mbele. Mwaka 1929 bei ya mawese ilianguka, na uvumi ukaenea kwamba wanawake nao watatozwa kodi. Wanawake wa nchi ile, maelfu kwa maelfu, waliinuka. Walikwenda kukaa mbele ya nyumba za machifu waliowekwa na Waingereza, wakiimba usiku na mchana. Askari wakawapiga risasi. Zaidi ya wanawake 50 walikufa, wengi wao pale Opobo kwa Jaja. Wauza mafuta, mama zangu. Wauza mafuta kama ninyi mnavyouza dagaa.

Mji wenyewe wa Port Harcourt ni mdogo kwa umri kuliko Mwanza. Kituo cha Wajerumani hapa kwetu ni cha 1892. Port Harcourt ilianza kujengwa mwaka 1913, baada ya makaa ya mawe kuonekana Enugu mwaka 1909. Serikali ya kikoloni ilitafuta mahali penye kina ambapo meli ingeweza kufunga gati, ikapapata kwenye mto Bonny, zaidi ya kilomita 60 kutoka baharini. Palikuwa na mashamba ya Wadiobu na maji ya wavuvi wa Okrika. Walilipwa kidogo, wakalalamika kwa miaka mingi. Gavana Lugard akaupa mji jina la waziri wa makoloni aliyekuwa London, Lewis Harcourt. Mwaka 1916 reli ikafika Enugu, makaa yakaanza kushuka.

Reli yetu ilifika Mwanza mwaka 1928 kutoka Tabora. Nini kilishuka kwa reli yetu? Pamba. Na hapa niseme habari za baba yangu.

Baba alikuwa kuli. Alibeba marobota ya pamba. Alikuwa na kovu begani, ngozi imekuwa ngumu kama soli ya kiatu, na sisi watoto tulikuwa tunaligusa kwa zamu. Robota moja lilihitaji mgongo. Kabla halijamfikia baba lilikuwa limepita kwa mkulima wa Kwimba, kwa mchumaji, kwa karani wa mizani wa ushirika, kwa mtu wa mashine ya kuchambua pamba, kwa dereva wa lori. Kila mahali lilipopita liliacha senti. Senti chache, tena wakulima walipunjwa sana, ndiyo maana Paul Bomani na wenzake walianzisha ushirika wa wakulima wa pamba hapa Kanda ya Ziwa miaka ya 1950. Lakini liliacha senti. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye bega lile.

Nini kilibaki gatini? Bega la baba, na mimi.

Sasa sikilizeni tofauti. Januari 1956, Oloibiri, magharibi ya Port Harcourt, kampuni ya Shell-BP ilichimba zaidi ya mita 3,600 kwenda chini, ikayapata mafuta ghafi. Februari 1958 shehena ya kwanza ikaondoka kupitia Port Harcourt. Watu walifurahi! Wazee wa Oloibiri walicheza ngoma. Miaka mitatu baadaye, 1961, kituo cha kupakilia kikafunguliwa Bonny, karibu na bahari, kwa ajili ya meli kubwa.

Mafuta ghafi hayapandi begani kwa mtu. Yanatoka ardhini, yanaingia bombani, yanaingia melini. Hayahitaji kuli. Hayahitaji karani wa mizani kila kijiji. Hayapiti kwa mama ntilie. Kisima kinafunguliwa kwa valvu, meli inajazwa kwa mpira. Utajiri wote wa nchi unapita chini ya miguu yako na husikii hata mlio wake.

Ninasema hivi kwa vijana wa Kagera na Geita waliopo hapa, ambao ndugu zao wamepata vibarua kwenye ujenzi wa bomba. Kibarua ni chema, na mtu asidharau mkate wa mwenzake. Lakini bomba likishafukiwa, wachimbaji wa mitaro wanaondoka. Wanabaki mafundi wachache na walinzi. Je, nani kati yenu anasomea ufundi ule? Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima mpaka Tanga. Huo umeme, hizo pampu, hizo sensa, kwa miongo kadhaa vitahitaji watu. Watatoka wapi?

Oloibiri visima vilifungwa mwaka 1978, baada ya kutoa mapipa yapatayo milioni 20. Mtambo wa kisima cha kwanza umebaki pale, umeota kutu, na kibao kinachosema hapa ndipo yalipoanzia.

Nini kimebaki gatini?

Nitachukua muda zaidi hapa, mnivumilie, maana hapa ndipo penye maumivu. Katiba ya Nigeria ya wakati wa uhuru ilisema nusu ya mapato ya madini irudi jimbo yalikotoka. Nusu kwa nusu! Kisha kukaja vita ya Biafra, upande wa mashariki uliotaka kujitenga, 1967 mpaka 1970. Port Harcourt ilitekwa na jeshi la shirikisho Mei 1968. Waigbo, waliokuwa wafanyabiashara na mafundi wengi wa mji ule, walikimbia, na waliporudi wengi walikuta nyumba zao zimeandikwa "mali iliyoachwa". Mji ukapoteza mikono mingi iliyoujenga. Na baada ya vita ile nusu ya mapato nayo ikaanza kuliwa, mwaka kwa mwaka, amri kwa amri ya wanajeshi, mpaka miaka ya 1980 ikafikia asilimia moja na nusu. Kutoka 50 hadi moja na nusu. Ilipofika katiba ya 1999 ndipo ikapandishwa kuwa isipungue 13.

Watu wa Ogoni, jirani na Port Harcourt, hawakunyamaza. Mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake waliandika madai yao mwaka 1990, na Januari 1993 watu wapatao laki tatu waliandamana kwa amani wakiwa na matawi ya majani mikononi. Tarehe 10 Novemba 1995 serikali ya kijeshi ilimnyonga Saro-Wiwa na wenzake 8 katika gereza la Port Harcourt. Katika mji uleule uliosafirisha mafuta.

Waliuliza nini? Waliuliza swali la yule binti wa Igogo.

Sasa wavuvi, nawageukia ninyi. Kuna mji wa wavuvi unaitwa Bodo, huko Ogoni. Maji yake ni vijito vilivyojaa mikoko, samaki wanazalia kwenye mizizi, wanawake wanaokota konokono wa majini. Mwaka 2008 bomba la Shell linalopita pale lilipasuka mara mbili, na kila mara mafuta yalimwagika kwa wiki kadhaa kabla ya kuzibwa. Mikoko ikafa imesimama. Mvuvi akishusha nyavu anapandisha nyavu nyeusi. Walishitaki mpaka London, na Januari 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55. Milioni 35 ziligawanywa kwa watu 15,600, kila mmoja kama pauni 2,200, na milioni 20 zikaenda kwa jamii. Wengine walinunua boti. Boti ya kuvulia wapi?

Na mwaka 2011 wataalamu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa walipima visima vya maji ya kunywa katika kijiji kimoja cha Ogoni, Nisisioken Ogale. Walikuta benzini, sumu inayoleta saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Watu walikuwa wanayanywa. Wataalamu wale wakasema kusafisha Ogoni nzima kutachukua miaka 25 hadi 30.

Bodo kuna mlango wa bahari. Maji yanakupwa, maji yanajaa, bahari inachukua kidogo. Ziwa letu je? Mlango wake ni mmoja tu, Jinja. Kinachoingia humu kinakaa humu. Na maji haya si ya Mwanza peke yake. Pale Ihelele, Misungwi, yanavutwa kwenda Shinyanga, Kahama, mpaka Tabora na Nzega. Mafuta yakimwagika kwenye mto unaoingia ziwani, mtoto wa Tabora ambaye hajawahi kuona wimbi atayaonja kwenye kikombe cha uji. Kwa hiyo tunapouliza wapi bomba linavuka mto Kagera, valvu za kufunga ziko umbali gani, nani atapigiwa simu usiku wa manane na atafika kwa saa ngapi, tusiambiwe tunapinga maendeleo. Tunauliza habari za uji wa watoto.

Kuna jingine nalo ni fupi. Port Harcourt ilijengewa kiwanda cha kusafisha mafuta mwaka 1965, kikaongezwa kikubwa zaidi mwaka 1989. Kwa pamoja vilipaswa kusafisha mapipa 210,000 kwa siku. Havikutunzwa. Vikazimika. Kwa miaka mingi meli iliyochukua mafuta ghafi ilipishana mtoni na meli iliyoleta petroli kutoka ng'ambo! Novemba 2024 ilitangazwa kiwanda cha zamani kimewaka, Mei 2025 kikafungwa tena kwa matengenezo. Katikati ya ukosefu huo vijana wakajifunza kupika mafuta ya wizi vichakani, na tangu mwishoni mwa 2016 masizi meusi yakaanza kuanguka juu ya mji. Mama anafagia sebule asubuhi, jioni nyayo za mtoto ni nyeusi. Mji huo zamani uliitwa Mji wa Bustani.

Tusiwacheke. Sisi pamba yetu inaondoka nyuzi, inarudi kitenge. Na sangara? Hilo mnalijua kuliko mimi.

Mama yangu, baada ya baba kuumia mgongo, aliuza mapanki. Alipanga foleni alfajiri kwenye lango la kiwanda kimoja cha minofu. Ndani, minofu ilikuwa inawekwa kwenye barafu kwenda Ulaya. Nje, akina mama walikuwa wanagombea kichwa na mifupa. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara, ambayo leo yakikaushwa yana bei kuliko samaki mwenyewe kwa sababu China na Hong Kong wanayataka, siku zile hata hatukujua thamani yake. Mama alikaanga mapanki, akauza Mabatini, tukala, tukasoma. Simlaumu mtu. Lakini mwaka 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, kiwanda kilisimama, na foleni ya mapanki ikasimama nayo. Mama alikaa nyumbani miezi, karai limeinamishwa ukutani. Mnunuzi mmoja, mlango mmoja. Ukifungwa, hata mifupa huna.

Kwa hiyo nimekuja na maombi, na nayasema mbele ya madiwani waliokubali kuja, nawashukuru. Jirani zetu wa Kisumu walijenga gati la kupakia mafuta ya kwenda Uganda, likakamilika 2018, likakaa miaka bila meli kwa sababu bohari la upande wa pili, Uganda, halikuwa tayari. Kabla hatujajenga lolote la mafuta kwenye bandari ya Mwanza Kusini, twendeni tukawaulize Kisumu. Nauli ya basi si kubwa. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi viombe mafunzo na vifaa vya kuzuia mafuta yasisambae majini, viwekwe mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, visiwekwe stoo ya mkoani yenye ufunguo mmoja. Vijana wa ufundi waombewe nafasi sasa, kabla bomba halijafukiwa lote. Na maji ya mito inayoingia ziwani kutoka Kagera na Geita yapimwe leo, kabla ya tone la kwanza kupita, ili siku tukisema yamechafuka tuwe na karatasi ya kuonyesha yalikuwaje. Watu wa Ogale hawakuwa na karatasi hiyo.

Yule binti wa Igogo yupo hapa. Amekaa karibu na dirisha, amempakata kitinda mimba wake. Mwanangu, nilikuahidi kipindi kijacho. Umeningoja sana.

Nimemaliza. Naona mzee wa Igombe ameinua mkono tangu nilipotaja Bodo. Mpeni kipaza sauti.